Khutba ya Ijumaa: Mwenda kwa Miguu Naye Aulizwe

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi na kutuwekea ndani yake njia ili tupate kufika tunakokwenda. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao mpaka siku ya mwisho.

Baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, nakuusieni na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Kumcha Mungu hakuishii hapa msikitini juu ya mkeka. Kunaendelea ukishavaa viatu na kutoka nje ya lango, na kitu cha kwanza unachokikuta nje ya lango ni barabara. Basi Ijumaa ya leo tuizungumze barabara: nani anapita, nani anaumia, na nani anaulizwa pale kanuni za barabara zinapopangwa.

Mtu asije akasema imamu ameacha dini, ameingia mambo ya rulaje. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba imani ina matawi sitini na kitu au sabini na kitu, na lililo chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Tawi likiwa la chini bado ni tawi la mti uleule. Mwenye kulidharau amedharau sehemu ya imani yake.

MDUDU CHUNGU NA MAJESHI YA SULEIMAN

Katika sura ya 27, inayoitwa An-Naml, yaani Wadudu Chungu, Mwenyezi Mungu anatusimulia habari za Nabii Suleiman (a.s.) aliyekuwa akipita na majeshi yake ya majini, watu na ndege. Walipofika kwenye bonde la wadudu chungu, mmoja wao aliwaonya wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na Suleiman na majeshi yake bila wenyewe kutambua. Suleiman aliisikia kauli ile, akatabasamu, kisha akamwomba Mola wake amwezeshe kuishukuru neema aliyopewa na kutenda mema yenye kumridhisha.

Ndugu zangu, tuyazingatie mambo matatu katika kisa hiki.

La kwanza: yule chungu hakumtukana Suleiman wala hakumwita dhalimu. Alisema kwamba majeshi yangeweza kuwaponda bila kutambua. Hiyo ndiyo hali ya aliyepanda juu. Dereva wa lori aliyekaa juu ya injini hamwoni mtoto wa miaka saba aliyesimama mbele ya bampa. Si kwamba anamchukia, bali mahali alipokaa hapaonyeshi chini.

La pili: aliyeijua hatari mapema ni yule wa chini. Katika majeshi yote yale, mwenye habari ya bonde alikuwa mdudu chungu mmoja.

La tatu: mfalme alisikiliza. Alikuwa na nguvu, na safari yake ilikuwa ya haki, lakini sauti ndogo ile aliipa nafasi masikioni mwake, tena akaona kwamba kuisikia ni neema ya kushukuriwa. Na Mwenyezi Mungu aliipa sura ile jina la chungu, hakuipa jina la mfalme.

HALI YA MJI WETU

Sasa tuutazame mji wetu wa Bunia. Simama saa kumi na mbili asubuhi kwenye njia ya kutoka Mudzipela, au Rwambara, au upande wa barabara ya Komanda, uangalie nani anaingia mjini. Utamwona mama mwenye beseni la sombe kichwani na mtoto mgongoni. Utawaona wanafunzi watatu watatu, wameshikana mikono. Utamwona mwenye baiskeli, ile tunayoiita kinga, amefunga magunia ya makala mpaka kwa nyuma haonekani. Utamwona mkimbizi wa ndani kutoka Kigonze anakwenda kutafuta kibarua, na mlemavu anayezungusha kwa mikono baiskeli yake ya magurudumu matatu. Hesabu watu mia moja. Wenye gari lao wenyewe utawamaliza kwa vidole.

Hawa ndio wenye mji. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya vita, barabara zilipokuwa zimekufa na lori halipiti. Nani alileta mafuta ya mawese, samaki wakavu, chumvi na vitambaa? Ni wale waliokuwa wakiitwa kumba-kumba, waliosukuma baiskeli zilizojaa mizigo mamia ya kilomita katika misitu, kwenda na kurudi. Wakati injini zimenyamaza, mji ulilishwa na miguu ya watu. Leo njia zinafanywa upya, na mwenye kinga yuleyule anapigiwa honi ashuke mtaroni.

Goma wamemjengea mwendesha chukudu sanamu katikati ya mzunguko wa barabara, kwa kutambua kazi yake. Sisi hatuombi sanamu. Sanamu haimvushi mtu barabara. Tunaomba njia ya kupita.

Barabara yetu ya taifa nambari 27, inayotoka Komanda kupita Bunia mpaka Mahagi, inabeba malori ya mizigo kutoka mpakani. Nyingine inashuka Kasenyi ziwani. Gari nyingi zinazotufikia zimepitia Uganda, ambako watu huendesha upande wa kushoto, na sisi huku tunaendesha upande wa kulia. Kwa hiyo dereva wa gari lenye usukani wa kulia amekaa upande wa mtaro. Akitaka kupita lori lililo mbele yake inambidi alitoe gari lake kwanza ndipo aone kinachokuja, na anayekuja mara nyingi ni mwenye baiskeli.

Kuna jambo jingine. Barabara ikiwa na mashimo, mashimo yenyewe ndiyo polisi wa mwendo. Ikitengenezwa, mwendo unapanda siku hiyohiyo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita zaidi ya mita 16 kwa sekunde moja. Dereva akimwona mtoto, kabla mguu wake haujagusa breki, gari limeshakwenda urefu wa nyumba na ua wake. Likienda kilomita 30 kwa saa, ni nusu ya hapo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali ambapo gari na watu wanachanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Mwili aliouumba Mwenyezi Mungu unaweza kunusurika pigo la mwendo ule. Pigo la mwendo mkubwa hauliwezi.

Shirika hilohilo katika taarifa yake ya mwaka 2023 lilieleza kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani katika mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Na bara letu la Afrika, ambalo watu wake wengi hawana gari, ndilo linalozika wengi zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Asiye na gari ndiye anayekufa kwa gari.

HAKI YA NJIA KATIKA DINI YETU

Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kukaa barabarani. Wakamwambia kwamba hawana budi, kwa kuwa hapo ndipo wanapozungumzia mambo yao. Akawaambia, basi wakikataa ila kukaa, waipe njia haki yake. Wakauliza haki ya njia ni nini. Akawatajia kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, na kuamrisha mema na kukataza maovu. Kumbe njia ina haki, na mwenye kuitumia ana deni.

Tena alifundisha adabu moja ambayo tunaisoma kila siku katika vyuo vyetu na hatufikirii maana yake: aliyepanda mnyama amsalimie anayetembea, na anayetembea amsalimie aliyekaa. Kwa nini aanze aliyepanda? Wanavyuoni wamesema, ni ili aliyepanda asiingiwe na kiburi, na ili anayetembea apate amani moyoni. Farasi akikujia unaogopa. Salamu ya mpandaji inakuambia kwamba uko salama naye. Sasa tujiulize, mwenye pikipiki wa leo anamwanza mwenda kwa miguu kwa salamu au kwa honi?

Dini yetu haikuishia kwenye adabu. Iliweka na vipimo. Imepokewa na Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alihukumu, watu wakigombana juu ya upana wa njia, iwekwe dhiraa saba. Dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, hivyo dhiraa saba ni zaidi ya mita tatu. Wanavyuoni wameeleza kwamba upana huo ulitosha mizigo kuingia na kutoka. Tazameni basi: kipimo cha njia ni jambo la hukumu na uadilifu, na kipimo chenyewe kilimwangalia yule anayepita na mzigo wake.

Tukija kwetu, nani anapima? Matuta ya kupunguza mwendo yawekwe wapi, mistari myeupe ya kuvukia ipigwe mbele ya shule gani, malori yapite katikati ya mji saa ngapi, yaegeshwe wapi, ukingo wa barabara uachwe upana gani kwa ajili ya miguu na baiskeli: haya yote ni vipimo. Mwenye kuyapanga akiwa hapiti barabara ile ila ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa, atapima kwa macho ya gari.

SHURA, NA YULE ASIYEKUWEPO

Qurani ina sura nzima inayoitwa Ash-Shura, na ndani yake waumini wanasifiwa kwa kuwa mambo yao huyaendesha kwa kushauriana. Sifa hiyo imetajwa kati ya kusimamisha Sala na kutoa katika riziki walizopewa. Kwa hiyo mashauriano si zawadi ambayo mkubwa humpa mdogo akipenda.

Sikilizeni kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa safarini kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, akaletewa habari kwamba huko mbele kuna tauni. Umar alikuwa Amiri wa Waumini, na angeweza kuamua peke yake. Lakini aliwaita Muhajirina akawashauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka, hao wakakubaliana kwamba arudi na watu wake. Akaamua kurudi. Abu Ubaida (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, wanakimbia kutoka kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kadari ya Mwenyezi Mungu, na akampa mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde la majani na bonde kavu: popote atakapolisha, ni kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.), ambaye hakuwepo kwa haja zake, akasema kwamba yeye ana elimu juu ya jambo hilo: alimsikia Mtume (s.a.w.) akikataza kuingia penye tauni, na kukataza kutoka kwa kuikimbia.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, tuache kuifanya kadari kuwa kifuniko cha uzembe. Mtoto akigongwa mbele ya shule tunasema ni mpango wa Mungu, halafu Jumatatu lori linapita palepale kwa mwendo uleule. Lakini mbuzi wako akiibiwa husemi ni mpango wa Mungu ukalala. Unanunua kamba na kufuli. Je, mtoto ni duni kuliko mbuzi? Kadari tunaiamini, na sababu tumeamrishwa kuzishika.

Na mwenye kuua kwa bahati mbaya asidhani kwamba ameachiliwa bure. Sura ya An-Nisaa imeweka kafara na fidia kwa familia kwa aliyeua bila kukusudia, isipokuwa familia ikisamehe. Kutokukusudia kunapunguza dhambi, hakufuti damu.

Funzo la pili: elimu iliyokata shauri ilikuwa kwa mtu ambaye hakuwa barazani. Mabaraza matatu yalikaa, na yeye hakuwemo. Baraza likikaa bila mtu mwenye habari, huenda likapatia na huenda likakosea, na wakikosea anayelipa ni aliye njiani.

NANI ANAMSEMEA MTEMBEAJI?

Ndugu zangu, madereva wana chama chao, ACCO. Wafanyabiashara wana FEC. Wamotari nao wana vyama vyao, na wakigoma siku moja mji mzima unajua. Hatuwaonei wivu, hiyo ni haki yao. Lakini mama mwenye beseni kichwani ana chama gani? Akigoma kutembea, ni nani atakayeona, zaidi ya watoto wake watakaolala na njaa? Kwa hiyo katika mkutano wa barabara kiti chake hakipo, si kwa sababu kuna aliyemfukuza, ila kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwekea.

Mwenyezi Mungu alimkumbusha hata Mtume wake, katika sura ya 80, pale kipofu Ibn Ummi Maktum (r.a.) alipokuja kwa miguu kutafuta elimu wakati Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Aya ziliteremshwa kwa ajili ya yule aliyekuja anatembea. Tukumbuke hilo tunapopanga barabara za mji wenye vipofu, wazee na viwete.

Wapo wenzetu katika nchi jirani waliolipia somo hili. Nairobi waliijenga upya barabara ya Thika ikawa pana sana, ikafunguliwa mwaka 2012, na watu waliokuwa wakiishi upande huu na kufanya kazi upande wa pili wakawa wanagongwa wakivuka. Madaraja ya miguu ikabidi yaongezwe. Wangeulizwa mapema wale wanaovuka, wangeonyesha kwa kidole ni wapi. Uganda, mwaka 2012, iliandika sera ya taifa kwa ajili ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Kaunti ya Nairobi ikaandika yake mwaka 2015.

Dar es Salaam waendesha baiskeli walijikusanya katika umoja wao, UWABA, wakafanya misafara ya baiskeli mjini kudai njia zao na kuzungumza na serikali. Mabasi ya mwendo kasi yalipoanza mwaka 2016, barabara ya Morogoro ilikuwa imewekewa njia za miguu na za baiskeli pembeni. Na katika mji huohuo ulikuwepo mpango wa kupima njia za watoto wa shule za msingi na kuweka matuta, alama na njia za miguu mahali ambapo wanaumia. Mpango huo, uitwao SARSAI, ulipewa tuzo ya kimataifa mwaka 2019. Matuta na saruji, hakuna muujiza hapo. Tofauti ni kwamba kazi ilianzia kwenye miguu ya mtoto.

Hata hapa kwetu Kongo, Kinshasa mwaka 2013 waliwekewa roboti za kuongoza magari, zilizobuniwa na mama mhandisi Mkongomani, Thérèse Izay Kirongozi. Roboti zile zilisimamisha gari na kuwaambia waenda kwa miguu wavuke. Ikiwa chuma kimefundishwa kumkumbuka mwenda kwa miguu, sisi wenye nyoyo tuna udhuru gani?

Nasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu zangu, maneno bila vitendo ni moshi. Kila mmoja achukue fungu lake.

Wewe motari. Mtume (s.a.w.) katika hija yake, watu walipokuwa wakiondoka Arafa na kelele za kuwapiga ngamia zikasikika nyuma, aliashiria kwa mjeledi wake akawaambia wawe watulivu, kwa kuwa wema haupatikani kwa kukimbiza. Ikiwa katika ibada ya hija haraka haikuruhusiwa, je, kwa ajili ya abiria mmoja zaidi? Ukifika mbele ya shule, soko, kanisa au msikiti, punguza. Mwanze anayetembea kwa salamu. Usibebe watu watatu na godoro.

Wewe mwenye gari na lori. Taa na breki ni amana. Gari bovu unalolitoa ukijua ni bovu, ukimuumiza mtu huwezi kusema hukujua.

Wewe mwenye duka. Meza yako ikitoka mpaka ukingo wa barabara, mama anashuka kwenye njia ya malori kwa sababu yako. Hata hapa nje ya msikiti, wapo wanaoegesha pikipiki juu ya njia ya miguu ili wawahi safu ya kwanza. Umeipata safu ya kwanza kwa kumtupa jirani barabarani.

Wewe mwenda kwa miguu na mwenye kinga. Haki ina wajibu wake. Usivuke ukiwa na simu sikioni. Baiskeli ya usiku iwe na taa, au angalau kitu chenye kung'aa nyuma. Mtoto anayetoka chuoni baada ya Magharibi asiende peke yake gizani.

Na sote pamoja, tupeleke sauti yetu. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wenzake. Mamlaka hiyo yapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hairuhusiwi mtu kushitakiwa kwa sababu ya kupeleka ombi la namna hiyo. Mkoa wetu tangu Mei 2021, ulipowekwa chini ya etat de siège, umeona wanajeshi na polisi wakikaa katika viti vya viongozi wa kiraia. Awe nani katika kiti, barua inasomeka. Hatuiti maandamano, hatufungi barabara wala hatuchomi tairi. Tunaandika kwa heshima, kwa meya wa mji, na nakala kwa polisi ya rulaje, kwa Office des Routes inayosimamia barabara ya taifa, na kwa OVD inayosimamia njia za mji.

Tuombe nini? Kwanza, kila inapokaa kamati ya kupanga kanuni za barabara katika mji, wawepo wanaotembea: mama wa soko, mwenye baiskeli ya mizigo, mwalimu wa shule, mlemavu. Wasiitwe kuja kupiga makofi. Waitwe kabla ya uamuzi kuandikwa. Pili, mwendo wa kilomita 30 mbele ya shule, masoko, hospitali na nyumba za ibada, pamoja na matuta, maana kibao peke yake hakisimamishi lori. Tatu, barabara yoyote ikitengenezwa, ukingo wa miguu na baiskeli uhesabiwe ndani ya kazi tangu siku ya kwanza, usingojee fedha zitakazobaki. Nne, malori yapangiwe saa na mahali pa kuegesha, nje ya saa za watoto kwenda na kurudi shuleni.

Kabla ya kuandika, tukusanye elimu. Baada ya Sala, vijana wanaojua kuandika wabaki kidogo. Kila kartie iwe na wawili, mwanamume na mwanamke, watakaopita nyumba kwa nyumba kuuliza: ni wapi mtu alikufa au kuumia, saa ngapi, alikuwa akifanya nini. Tuyaandike hayo katika daftari moja. Sisi tunaozika tunajua makaburi. Hatujapata kuyaweka pamoja tukaona yanaelekeza njia panda ipi. Daftari hilo ndilo litakalokuwa kauli yetu ya mdudu chungu.

Wala tusiende peke yetu. Tuwaombe majirani zetu wa makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti, watie sahihi pamoja nasi. Tuwaombe na wamotari wenyewe, kwani nao wamo katika wale wanaokufa. Katika Ituri tumefundishwa kwa machungu kumuuliza mtu kabila lake kabla ya kumpa maji. Lori lililokosa breki halimuulizi mtu kabila wala dini. Ikiwa kifo cha barabarani kinatuona kuwa wamoja, basi na ombi letu litutaje kuwa wamoja.

Mtumieni rehema Mtume, kwani Mwenyezi Mungu na Malaika wake wanamrehemu.

Ewe Mola wetu, tusamehe sisi na wazazi wetu. Warehemu waliokufa njiani, wakubwa kwa wadogo, na uwape subira waliowazika. Waponye waliovunjika. Wape viongozi wetu masikio ya Suleiman, wasikie sauti za walio chini. Tuondolee kiburi cha aliyepanda na uzembe wa anayetembea. Upe mji wetu wa Bunia na mkoa wote wa Ituri amani, mashambani na barabarani. Amin.

Simameni kwa ajili ya Sala.

Wabillahi tawfiq.

Imamu wa msikiti

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala usifungie karanga. Ukimaliza kuisoma mpe jirani, na asiyejua kusoma msomee.)